Gurudumu la Tisa

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tuliposikia maneno hayo tulidhani yanamhusu muuza duka na madeni yake, au mwenye shamba na minazi yake. Leo, ndugu wasomaji, napenda kuyapeleka maneno hayo mbali zaidi ya duka na shamba, hadi juu ya uso wa Mwezi. Kwani huko nako imepata kupotea mali ya thamani kubwa, ikakaa katika upotevu karibu miaka arobaini. Haikupotea kwa kuibwa wala kwa kuzama. Ilipotea kwa sababu mahali ilipoachwa hapakuandikwa kwa usahihi wa kutosha.

Mali hiyo ni gari. Lilitengenezwa katika Umoja wa Kisovieti, likapewa jina la Lunokhod 1, ambalo kwa Kirusi lina maana ya kitembeacho Mwezini. Lilirushwa likiwa juu ya chombo Luna 17 tarehe 10 Novemba 1970, likatua tarehe 17 ya mwezi huo huo katika uwanda ambao wanafalaki wa kale waliuita Bahari ya Mvua, ingawa hapana tone la maji hapo wala mvua haijapata kunyesha. Lilikuwa gari la kwanza kutembea nje ya dunia yetu likiongozwa kutoka mbali, bila ya mtu ndani yake. Miezi minane baadaye, Julai 1971, Wamarekani wa Apollo 15 nao walipeleka gari lao. Lakini hilo lilikuwa na watu waliokaa kitini na kuliendesha kwa mikono yao.

Sikusudii kusimulia mashindano ya madola makubwa, maana hayo yamesimuliwa mara nyingi. Nakusudia kueleza vyombo vya kupimia ambavyo gari hilo na mwenzake wa pili vilibeba, kwa sababu katika vyombo hivyo limo funzo linalotuhusu sote visiwani, wananchi na watumishi wa umma, na labda watumishi wa umma zaidi.

SUFURIA YENYE MAGURUDUMU MANANE

Anayetazama picha ya Lunokhod ataona kama sufuria kubwa ya karamu, yenye kifuniko, iliyopandishwa juu ya magurudumu manane. Gari la kwanza lilikuwa na uzito wa kilo 756. Magurudumu yake yalikuwa ya wavu wa waya, na kila moja lilikuwa na mota yake ya umeme, ili moja likiharibika mengine yaendelee na kazi. Sehemu hiyo ya chini ilibuniwa Leningrad chini ya uongozi wa mhandisi Alexander Kemurdzhian. Na gari zima lilikuwa kazi ya kiwanda kilichoongozwa na Georgy Babakin, ambaye alifariki Agosti 1971, gari lake lingali likitembea.

Kifuniko hakikuwa pambo. Mchana wa Mwezini huchukua yapata wiki mbili za kwetu, na usiku vivyo hivyo. Mchana joto hupita nyuzi 100, na usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 150 chini ya sifuri. Basi kulipopambazuka kifuniko kilifunguliwa, na upande wake wa ndani zilikuwapo paneli za kunasa mwanga wa jua na kujaza betri. Kulipokuchwa kilifungwa, gari likalala, na ndani yake chembe za madini ya poloniamu zikatoa joto la kuvihifadhi vyombo mpaka alfajiri. Wabunifu walikadiria kuwa gari lingefanya kazi kwa michana mitatu ya Mwezini. Lilifanya kazi kwa michana kumi na mmoja.

Sasa tuviangalie vyombo vyenyewe. Tuanze na macho. Zilikuwapo kamera mbili za televisheni za kumwonesha dereva njia, na nyingine nne za kupiga picha za mandhari pana, upeo hadi upeo. Gari hilo lilileta duniani zaidi ya picha 20,000 za televisheni na picha za mandhari 206.

Baada ya macho tutaje pua, ikiwa twaruhusiwa kusema hivyo. Kilikuwapo chombo kilichoitwa RIFMA, ambacho kilipeleka miale kwenye udongo. Na udongo ukipigwa na miale hiyo hutoa mng'ao wake wa eksirei, kila elementi kwa alama yake, kama vile mtu mzoefu wa sokoni ajuavyo karafuu, iliki na mdalasini kwa harufu tu, bila ya kufungua gunia. Kwa njia hiyo wataalamu walijua udongo wa mahali fulani una chuma kiasi gani, silikoni kiasi gani na aluminiamu kiasi gani, bila ya kuleta duniani hata konzi moja ya udongo huo. Gari la kwanza lilifanya uchunguzi wa namna hiyo mara 25.

Kisha palikuwa na kidole. Ni pia ndogo ya chuma iliyoshushwa kutoka nyuma ya gari, ikasukumwa ardhini, halafu ikazungushwa. Nguvu iliyohitajika kuisukuma na kuizungusha ilionesha kama ardhi ni tifutifu au imeshikana. Mkulima yeyote anayechomeka jembe kabla ya kuanza kulima anaifahamu kazi hiyo. Ilifanywa mahali zaidi ya 500.

Vilikuwapo pia vyombo visivyoshughulika na udongo: darubini ya kupokea eksirei kutoka mbinguni, na kipimo cha mnunurisho utokao kwenye Jua na nje ya mfumo wake. Na juu ya gari, mbele, kilifungwa kioo kilichotengenezwa Ufaransa. Kilikuwa na vipande 14 vya pembe, vilivyokatwa kwa namna ya kwamba mwanga ukivipiga kutoka upande wowote hurudi kule kule ulikotoka. Kioo hicho hakikuwa na betri, mota wala waya. Nawaomba wasomaji wakikumbuke, maana tutarudi kwake.

GURUDUMU LISILOSUKUMA

Chombo nilichokipenda kuliko vyote ni kile ambacho watu wengi hawakitaji. Nyuma ya yale magurudumu manane lilikuwapo la tisa, dogo, jembamba, lililoning'inia na kuburutwa. Halikuwa na mota. Halikulisaidia gari kupanda wala kushuka. Mtu asiyejua angeuliza kwa nini wahandisi, ambao kwao kila gramu ilikuwa na gharama, walikubali kubeba gurudumu lisilofanya kazi.

Jawabu lake ni hili. Gari likitembea kwenye vumbi, gurudumu linalosukumwa na mota huteleza. Linaweza kuzunguka mara kumi na gari likasogea kadiri ya mizunguko minane. Na kwenye mteremko mbaya linaweza kuzunguka mara kumi na gari likabaki pale pale. Kwa hiyo ukilitaka gurudumu la kazi likupe hesabu ya safari, litakwambia kwa nia njema kabisa kwamba limekwenda mbali, kwani kwa upande wake limezunguka na limechoka. Gurudumu la tisa halikuwa na cha kudai. Liligusa ardhi tu, na ardhi ilipopita chini yake lilizunguka. Ardhi isipopita, halikuzunguka. Wahandisi wakalinganisha hesabu mbili, ya wanaosukuma na ya asiyesukuma, na tofauti yake ikawaambia gari linateleza kiasi gani. Utelezi ulipozidi, walijua kuwa gari limo hatarini kabla halijakwama.

Nadhani hapana mhasibu wala mkaguzi aliyepata kuueleza wajibu wake vizuri zaidi ya gurudumu hilo. Anayefanya kazi asiwe ndiye peke yake anayeihesabu. Si kwa sababu ni mwongo, bali kwa sababu jasho lake humwonesha mwendo ambao haupo.

Gari la pili, Lunokhod 2, lilitua tarehe 15 Januari 1973 ndani ya kreta iitwayo Le Monnier, likiwa na uzito wa kilo 840, na lilibeba ushahidi mwingine wa kanuni hiyo hiyo. Safari hii wataalamu walitaka kupima usumaku wa Mwezi, ambao ni dhaifu mno. Lakini gari lenyewe ni chuma na nyaya za umeme, nalo lina usumaku wake. Kipimo kikikaa ndani ya gari kitapima gari kisha kiseme kimepima Mwezi. Basi walikifunga kwenye ncha ya mkono wa mita mbili na nusu, mbele, mbali na kiwiliwili, ili kisikie kingine zaidi ya sauti ya mwenye gari.

MADEREVA WA KRIMEA

Magari haya yaliongozwa kutoka kituo kimoja karibu na mji wa Simferopol, katika rasi ya Krimea. Walikaa watu watano kwa zamu: kamanda, dereva, mwongoza njia, mhandisi, na mwangalizi wa antena. Dereva hakuona njia kama dereva wa gari la abiria aionavyo. Aliona picha moja moja, isiyotembea, na kati ya picha na picha zilipita sekunde kadhaa, pengine hata ishirini. Amri yake ilichukua sekunde moja na zaidi kufika, na matokeo yake sekunde moja na zaidi kurudi. Alipoona shimo kwenye kioo chake, huenda gurudumu lilikwisha kulifikia.

Katika hali kama hiyo ushujaa wa mtu mmoja haufai kitu. Kilichofaa ni kila mmoja kujua hesabu yake na kuisema kwa wakati: huyu mwinamo wa gari, yule joto la ndani, yule umeme uliobaki. Hata hivyo gari la pili lilikufa, na sababu ya kifo chake ilikuwa vumbi.

Inasimuliwa na wahandisi waliohusika kwamba tarehe 9 Mei 1973 gari liliingia katika kreta ndogo, kifuniko kikiwa wazi. Lilipogeuka ili litoke, ukingo wa kifuniko uligusa ukuta wa shimo, na udongo ukamwagika juu ya paneli za jua. Umeme ukapungua, lakini gari halikufa. Jua lilipokaribia kuchwa waliagiza kifuniko kifungwe, kama ada. Kilipofungwa, vumbi lililokuwa juu yake lilianguka juu ya rejeta, ile sehemu inayotoa joto nje. Vumbi la Mwezini huzuia joto kama blanketi. Kulipopambazuka gari lilishindwa kupoa, na tarehe 3 Juni 1973 ikatangazwa kwamba kazi yake imekwisha. Kamera zake zilikuwa zimekwisha kupeleka duniani zaidi ya picha 80,000 za televisheni, na kile chombo cha kunusa udongo kilikuwa kimeonesha kuwa chuma kinapungua kadiri gari linavyouacha uwanda na kukaribia vilima. Kazi yote hiyo ilikomeshwa na kiasi cha vumbi ambacho mtu mmoja mwenye ufagio angekiondoa kwa dakika tano.

Miezi mitano kabla ya hapo, Desemba 1972, mtu huyo alikuwapo, ila katika gari jingine. Mwanaanga Eugene Cernan wa Apollo 17 alivunja kwa nyundo kipande cha madigadi ya gari la Wamarekani, na vumbi likawarukia yeye na mwenziwe. Wakachukua ramani nne, wakaziunganisha kwa utepe wa gundi, wakazibana mahali pa madigadi, na safari ikaendelea. Palipo na fundi, kosa hurekebishwa kwa karatasi na gundi. Pasipo na fundi, vumbi dogo huua mtambo mkubwa.

KIOO KILICHOSUBIRI

Turudi kwenye gari la kwanza. Lilinyamaza tarehe 14 Septemba 1971, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo, siku ya kutimia miaka 14 tangu Sputnik ya kwanza, kazi yake ilitangazwa kuwa imemalizika. Kioo chake cha Kifaransa kilibaki juu. Kusudi lake lilikuwa kwamba wataalamu wa duniani wapeleke mwali wa leza, usubiriwe urudi, na muda wa kwenda na kurudi uwape umbali wa Mwezi kwa usahihi mkubwa. Kioo cha gari la pili kilitumika hivyo miaka yote, pamoja na vioo vitatu vya Apollo. Cha gari la kwanza kilijibu mwanzoni, kisha hakikupatikana tena. Wengine walidhani kimefunikwa na vumbi. Wengine walidhani gari limeinama na kukielekeza pembeni.

Hapakuwa na vumbi wala mwinamo. Lililokosewa ni daftari. Walikuwa wakimulika pahala ambapo gari halikuwapo, kwa tofauti ya kilomita kadhaa. Mwezi Machi 2010 picha za chombo cha Marekani LRO, kinachouzunguka Mwezi, zilionesha kijidoa cheupe na alama za magurudumu zikikielekea. Tarehe 22 Aprili 2010 kundi la Tom Murphy, kwenye kituo cha darubini cha Apache Point, New Mexico, lilielekeza leza mahali palipooneshwa. Kioo kilijibu mara ile ile, kwa mwanga mwingi kupita ule wa ndugu yake wa pili. Kilikuwa kimekaa pale karibu miaka 39, kizima, kimeielekea dunia, kikingoja kuulizwa.

Na jibu la vioo hivyo linatuhusu sisi wakaazi wa visiwa kuliko tunavyofikiri. Kwa vipimo vya leza imethibitika kwamba Mwezi unajitenga na dunia kwa sentimita 3.8 kila mwaka, na sababu yake ni maji kujaa na kupwa. Ule mvutano unaoleta bamvua na maji mafu, unaomwambia mvuvi lini atoke na mwani uvunwe saa ngapi, ndio huo huo unaousukuma Mwezi mbali kidogo kidogo. Tuliosoma vyuoni tulifundishwa kuhesabu siku za mwezi mwandamo kabla hatujafundishwa kuhesabu fedha. Na bandarini Unguja kipo kipimo cha kina cha bahari ambacho kumbukumbu zake zinaanzia mwaka 1984. Kipimo cha bandarini na kioo cha Mwezini vinaeleza jambo moja kutoka ncha zake mbili.

Somo la kioo limerudiwa hata katika miaka yetu hii. Tarehe 23 Agosti 2023 India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, ikateremsha gari dogo, Pragyan, la kilo 26, lenye vyombo viwili vya kuchunguza udongo. Liligundua salfa, likalazwa usiku ulipoingia, na halikuamka tena. Lakini chombo kilicholibeba, Vikram, kilikuwa na kioo kidogo cha kurudisha mwanga. Na Desemba 2023 leza ya LRO ilikimulika nacho kikajibu. Mitambo yenye umeme ilikuwa imelala. Kioo kilikuwa macho.

Hata hesabu ya gurudumu la tisa ilikubali kukaguliwa. Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa Lunokhod 2 ilikwenda kilomita 37. Wataalamu wa Urusi walipozipima alama za magurudumu katika picha za LRO, walipata kilomita 39. Safari ya gari la kwanza, iliyoandikwa kuwa mita 10,540, ilipunguzwa ikawa karibu kilomita 10. Hapana aliyeona haya kwa kuongezewa wala kwa kupunguziwa. Rekodi ya kilomita 39 ilisimama mpaka mwaka 2014, ilipopitwa na gari la Marekani, Opportunity, huko Mirihi.

VIPIMO VYETU

Huenda msomaji akauliza, mambo ya Mwezi na sisi wapi na wapi? Nitamkumbusha kwamba vyombo vya anga vimepata kuwekwa katika ardhi yetu hii hii. Tunguu, hapa Unguja, palijengwa kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa kimoja katika mnyororo wa vituo vilivyoisikiliza safari yake. Kilijengwa huku kukiwa na upinzani, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, serikali ya Rais Abeid Amani Karume ilitaka kiondolewe, kikaondolewa. Msomaji na ahukumu atakavyo juu ya siasa ya jambo lile. Mimi nataja jambo moja tu: vyombo vilikuwa kwetu na tarakimu zilikwenda kwingine. Antena zilipofungashwa hapakubaki daftari ambalo kijana wetu angelisoma. Mtambo usiousoma wewe mwenyewe ni mgeni katika nyumba yako, hata ukikaa miaka.

Lakini nisiwalaumu wageni peke yao. Ninalo la kukiri, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kupitia taarifa za kilimo za sehemu moja ya visiwa hivi, ambayo sitaitaja. Katika taarifa hizo zilikuwapo tarakimu za mvua, siku kwa siku, mwezi kwa mwezi. Zilikuwa zimepangwa vizuri. Nilizisoma nikiwa mezani pangu na nikatia saini. Kwa mujibu wa tarakimu hizo mvua za masika zilikuwa za kawaida. Kwa hiyo sehemu hiyo haikuingizwa katika orodha ya waliopaswa kupewa mbegu za kupandia upya.

Baadaye nilipita huko kwa shughuli nyingine. Mzee mmoja alinishika mkono akanipeleka shambani kwake. Mihogo ilikuwa imeng'olewa, mchanga umefunika matuta ya viazi, na mfereji umekatika katikati ya shamba. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mvua hii ilinyesha kwangu. Kwenye daftari lenu haikunyesha." Sikuwa na la kumjibu. Nikaenda kukiangalia kipimo cha mvua. Nilikikuta kimesimama chini ya muembe, majani yamejaa mdomoni. Nikaomba daftari. Tarakimu za miezi mitatu zilikuwa za wino mmoja, mwandiko mmoja, na takriban zote zikiishia na sifuri au tano. Zilikuwa zimeandikwa siku moja, na mtu yule yule ambaye taarifa ya mavuno ingemhukumu.

Simlaumu mtu huyo kuliko ninavyojilaumu. Yeye alikuwa gurudumu la kazi, lililochoka, likahesabu mizunguko yake. Mimi ndiye niliyepaswa kuwa la tisa. Kazi yangu ilikuwa kugusa ardhi, nami niligusa karatasi.

Tangu siku hiyo, kila nisikiapo kuwa tumepokea mtambo mpya, uwe wa kupima maji, wa hospitali, au mizani ya kupimia karafuu, sianzi kwa kuuliza bei yake wala mfadhili wake. Huuliza nani atausafisha na fungu lake la kusafishia limo katika bajeti gani, kwa kuwa nimekwisha kuona kwamba vumbi huanza kidogo na huangukia rejeta. Huuliza nani atakayeandika, na nani mwingine, asiyekuwa na faida wala hasara katika kazi ile, atakayelinganisha maandishi hayo na ardhi yenyewe. Huuliza daftari litawekwa wapi, na kama mwananchi ambaye mvua imemnyeshea ataweza kulifungua na kulisoma. Na huuliza kama tuko tayari kusahihishwa, tuongezewe au tupunguziwe, bila ya kuona haya.

Wapo watakaosema kwamba maswali haya ni ya mtu mwenye kusitasita, na kwamba maendeleo yanahitaji mwendo. Ni kweli kwamba yanahitaji mwendo. Lakini gari linalozungusha magurudumu mahali pamoja nalo hutoa kelele za mwendo, hutumia umeme wa mwendo, na hurusha vumbi la mwendo. Na aliyekaa ndani yake huenda akaapa kuwa limesogea.

Yule mzee alikwisha kupanda upya kwa mbegu alizokopa kwa jirani. Kipimo cha mvua kimetolewa chini ya muembe na kuwekwa mahali peupe, na kijana wa skuli iliyo karibu amepewa ufunguo na daftari, akiandika kila asubuhi sambamba na mwandishi wa kazini. Mara ya mwisho nilipolipitia, daftari zote mbili hazikulingana katika siku nne. Nilifurahi sana kuziona siku hizo nne. Tumekwenda kuziangalia.